Kazi ya Mungu Haina Makosa, Makosa ya Binadamu Yana Mwenyewe



Tumekaa katika matanga mengi. Tumekaa chini ya turubai huko Nyanza na Bonde la Ufa, tumekaa juu ya viti vya plastiki Kayole na Likoni, na kila mahali tumesikia maneno yale yale yakisemwa mbele ya jeneza: kazi ya Mungu haina makosa. Mchungaji huyasema kwa nia njema, mzee wa mtaa huyarudia, naye mjane huinamisha kichwa. Kisha mheshimiwa husimama na bahasha yake, hutaja kiasi kilichomo ili umati usikie, hupigiwa makofi, na huondoka kabla maiti haijateremshwa kaburini. Baada ya wiki mbili turubai limerudishwa kwa mwenyewe. Mjane amebaki na watoto, deni la mochari, na swali ambalo hakuna aliyethubutu kulijibu: ni nani aliyemuua mume wangu, na ni nani atakayewalipia hawa karo?

Sisi hatubishani na imani ya wafiwa, maana ndiyo imani yetu pia. Lakini gari lililotoka gereji bila breki si kazi ya Mungu. Risasi iliyonunuliwa kwa kodi yetu na kufyatuliwa kisogoni mwa kijana asiye na silaha si kazi ya Mungu. Ghorofa lililoporomoka kwa sababu mwenye nyumba aliiba saruji, na mama aliyeachwa akivuja damu wodini usiku kucha bila mtu wa kumtazama, si kazi ya Mungu. Hizo ni kazi za binadamu, nazo zina makosa, na makosa yana mwenyewe. Kumtwika Mwenyezi Mungu hatia ya dereva mlevi au ya afisa katili ni kumshuhudia uongo mbele ya madhabahu yake.

Leo twataka kusema jambo moja tu, na tulieleze kikamilifu: sheria za nchi hii zimewapa wafiwa haki ya kumshtaki kwa madai yule aliyesababisha kifo kwa uzembe au kwa kusudi, na haki hiyo ina saa yake. Saa hiyo huanza kuhesabu siku ya kifo, wala haingojei matanga yaishe.

UFUNGUO UKO WAPI?

Nchi hii imezoea kungoja. Pio Gama Pinto alipouawa mwaka 1965, tulingoja. Tom Mboya alipopigwa risasi mwaka 1969, tulingoja. J. M. Kariuki alipouawa mwaka 1975, Bunge liliunda kamati teule, kamati ikaandika ripoti, na ripoti haikumfikisha muuaji yeyote gerezani. Dakta Robert Ouko alipouawa Februari 1990, wapelelezi waliletwa kutoka Uingereza, kisha ikaundwa tume chini ya Jaji Evans Gicheru. Novemba 1991 Rais Moi akaivunja kabla haijamaliza kazi yake. Padre John Kaiser alikutwa amekufa karibu na Naivasha Agosti 2000. Makachero wa Marekani walisema alijiua. Maaskofu na waumini walikataa maneno hayo, wakashikilia uchunguzi wa wazi mahakamani, na mwaka 2007 hakimu akaamua kwamba padre aliuawa. Ilichukua miaka saba kulisema neno hilo moja, na hata hapo muuaji hakujulikana.

Wapenda mageuzi wajifunze nini katika historia hii? Tunajifunza kutazama ufunguo uko mkononi mwa nani. Ufunguo wa tume uko mfukoni mwa Rais: huifungua apendapo na kuifunga apendapo. Ufunguo wa mashtaka ya jinai uko mezani mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Lakini ufunguo wa kesi ya madai umo mikononi mwa mjane, mgane, mzazi na yatima. Hawahitaji kibali cha waziri. Hawahitaji kwanza mshtakiwa apatikane na hatia ya jinai. Katika jinai hatia hupaswa kuthibitishwa pasipo shaka. Katika madai mahakama huuliza ni upande upi ulio karibu zaidi na ukweli. Kwa hiyo dereva aweza kuachiliwa katika kesi ya trafiki, na bado yeye na mwenye gari wakalazimika kuilipa familia. Tena akihukumiwa kuwa na hatia na hukumu hiyo ikasimama, kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi huifanya kuwa ushahidi usiopingika dhidi yake.

SHERIA MBILI, FAMILIA MOJA

Haki hiyo imesimama juu ya sheria mbili. Ya kwanza ni Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32. Hii huwatazama walio hai: inafidia hasara waliyopata kwa kuondokewa na mtu aliyekuwa akiwategemeza. Ya pili ni Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26. Hii humtazama marehemu mwenyewe: madai ambayo angeweza kuyaleta kama angalikuwa hai hayafi pamoja naye, bali huingia katika mirathi yake. Yamo maumivu aliyoyapata kabla ya kukata roho, na umri aliopunguziwa. Wakili huleta madai yote mawili katika kesi moja, naye hakimu huangalia wasije watu wale wale wakalipwa mara mbili kwa hasara ile ile.

Je, familia ni nani? Wasomaji wazee watakumbuka kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Kwa muda wa miezi mitano mjane wake, Wambui Otieno, alishindana na ukoo wa Umira Kager juu ya mahali pa kumzika, na Mei 1987 Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo ushindi. Tangu siku hizo wajane wengi wamedhani kwamba ukoo ndio wenye neno katika kila jambo la kifo. Sivyo. Sura ya 32 huwataja mke, mume, mzazi na mtoto, basi. Ukoo haumo. Shemeji hayumo. Hata ndugu wa tumbo moja hawamo. Yule mjomba anayefika na mkoba, akisema kwamba yeye ndiye atakayezungumza na kampuni ya bima kwa niaba ya nyumba nzima, hana mamlaka hayo mpaka mahakama imteue.

Kabla ya kufungua kesi kwa jina la mirathi, mmoja wa familia huomba mahakamani barua za usimamizi. Zipo barua za muda, zinazotolewa kwa ajili ya kesi tu, na hizo hupatikana upesi kuliko za kugawa urithi wote. Sheria ya Urithi humtanguliza mwenzi aliyebaki. Mahakama huomba barua ya chifu inayotaja jamaa za marehemu, na hapa tunasema wazi: barua ya chifu haiuzwi. Mjane akiombwa chai ili aandikiwe majina ya watoto wake mwenyewe, aende na mashemasi wawili na wazee wa kanisa, tuone kama ataombwa tena.

HESABU YA MAISHA

Kuna ndugu zetu wanaonong'ona kwamba kudai fidia ni kula pesa za damu. Twawaomba watazame jinsi mahakama inavyohesabu.

Hakimu huuliza marehemu alipata kiasi gani kwa mwezi, angefanya kazi miaka mingapi zaidi, na ni fungu gani la mapato yake lililowafikia wategemezi. Tuseme fundi aliyepata shilingi 20,000 kwa mwezi, ambaye hakimu ameona angefanya kazi miaka 20 zaidi, na theluthi mbili za mapato yake zilikwenda nyumbani. Hesabu ni 20,000 mara 12, mara 20, mara theluthi mbili: shilingi 3,200,000. Fedha hizo si bei ya mtu. Ni unga, karo, kodi ya nyumba na daktari. Ni kile kile ambacho baba angekileta mwenyewe kila mwisho wa mwezi kama angeachwa aishi. Atakayewanyima watoto fedha hizo ndiye anayekula cha marehemu.

Wala mtu asikatishwe tamaa kwa kuwa marehemu hakuwa na karatasi za mshahara. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya kifo cha seremala, ilikataa hoja kwamba hati ndizo njia pekee ya kuthibitisha mapato. Ilitambua kwamba Wakenya wengi hawaweki kumbukumbu na bado wanajipatia riziki. Mama mboga aweza kuthibitishiwa mapato na wenzake wa sokoni. Na mwaka 1991 mahakama hiyo hiyo ilikubali kwamba mzazi aliyefiwa na mtoto mdogo anastahili fidia, kwa sababu katika jamii zetu mtoto huwa tegemeo la wazazi.

Hatusemi kwamba sheria hii ni kamilifu. Kwa umri aliopunguziwa marehemu, mahakama zimezoea kwa muda mrefu kutoa takriban shilingi 100,000, kiasi kisichonunua ng'ombe mmoja mzuri wa maziwa. Na katika ajali za barabarani, sheria ya bima ya magari imemwekea mwenye bima kikomo cha shilingi 3,000,000 kwa dai la mtu mmoja. Kinachozidi hapo familia humfuata mwenye gari, ambaye mara nyingi huwa ameshauza gari na kuhama. Haya ni mambo ya kupiganiwa Bungeni. Lakini shamba lenye mawe halilimwi kwa kulilaani.

SAA INAYOHESABU

Sasa twafika kwenye neno lililotufanya tushike kalamu.

Ukimshtaki mtu binafsi au kampuni, sheria hukupa miaka 3. Ukiishtaki Serikali kwa madai ya namna hii, Sheria ya Ukomo wa Madai dhidi ya Mamlaka za Umma, Sura ya 39, hukupa miezi 12 peke yake. Tafakarini, ndugu. Mwenye matatu moja aweza kushtakiwa mwaka wa pili na hata wa tatu. Serikali yenye bunduki, magereza, vivuko na hospitali hujifungia mlango baada ya mwaka mmoja. Kwa kifo kilichotokea katika hospitali ya kaunti pia, familia yenye busara ihesabu miezi hiyo hiyo 12, isije ikaingia katika mabishano ya sheria ikiwa imechelewa.

Kivuko kilipozama Mtongwe, Mombasa, tarehe 29 Aprili 1994, watu wasiopungua 270 waliangamia. Ni wangapi kati ya jamaa zao, wakiwa bado wanaomboleza na kungoja taarifa rasmi, waliojua kwamba saa inahesabu? Na tusidhani ni mambo ya kale. Baada ya vijana kuandamana kupinga Mswada wa Fedha Juni 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilitangaza mwanzoni mwa Julai kwamba watu 39 walikuwa wameshauawa. Wazazi waliambiwa uchunguzi unaendelea. Wakangoja. Serikali ilipotangaza mpango wake wa kuwafidia waathiriwa wa maandamano, ilikuwa ni Agosti 2025, nao ukapingwa mahakamani. Hesabuni wenyewe: kutoka Juni 2024 hadi Agosti 2025 ni miezi 14. Mzazi aliyengoja ahadi aliamka na kukuta miezi 12 imepita.

Hatudai kwamba tarehe hizo zilipangwa. Twasema tu kwamba anayedaiwa hana haraka, na anayedai hapaswi kumkopa mdaiwa saa yake.

Hata hivyo mlango mmoja umebaki wazi, nao uliletwa na jasho la wengi waliopigania mageuzi. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 26, inalinda haki ya kuishi. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani haki inapovunjwa, hata kwa niaba ya wengine. Na Kifungu cha 23 kinaipa mahakama uwezo wa kuamuru fidia. Ombi la kikatiba halikuwekewa miezi 12. Watu walioteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House miaka ya themanini walisikilizwa na kulipwa kwa hukumu za karne hii. Lakini mahakama huuliza kwa nini mtu amekawia, na jibu la "tulikuwa tunangoja" halitoshi siku zote. Tena hukumu dhidi ya Serikali haitekelezwi kwa kunadi magari yake: sheria haimruhusu dalali kugusa mali ya Serikali, na familia hulazimika kurudi mahakamani kuomba amri ya kumshurutisha ofisa husika alipe. Ndiyo sababu anayeanza mapema ana nafuu.

MSAMAHA NA MALIPO

Tumeulizwa na waumini: je, Mkristo hakuamriwa asamehe? Ameamriwa. Nasi twamheshimu mama anayemshika mkono dereva aliyemuua mwanawe. Lakini msamaha hutolewa na aliyekosewa. Haugeuzwi kuwa risiti ya mkosaji. Zakayo alipotubu hakuomba tu aonewe huruma. Aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu, na siku hiyo wokovu ukaingia nyumbani mwake. Toba isiyofungua mkoba ni maneno matupu.

Kwa hiyo tutenganishe rambirambi na fidia. Rambirambi ni hisani. Mtoaji hutoa apendacho na hushukuriwa. Fidia ni deni. Mlipaji hulipa kinachostahili wala hasujudiwi. Hila kubwa ya wakubwa ni kulipa deni kwa jina la hisani. Tumemwona mjumbe wa kampuni, ambayo hatutaitaja, akifika matangani na shilingi elfu hamsini na karatasi moja ya Kiingereza, na mama asiyejua kusoma akaombwa atie kidole gumba "ili pesa zitoke". Karatasi ile ilisema kwamba familia imeridhika na haitadai tena. Wenye bahasha walijua thamani ya kidole kile. Sisi wengine, tuliokuwa tukiimba pambio hatua chache kutoka hapo, hatukujua.

KAZI YA KANISA

Kanisa ndilo linalofika kwanza kwenye msiba na kuondoka mwisho. Basi kila parokia na kila kanisa la mtaa liwe na watu wawili au watatu waliofundishwa mambo machache. Wahakikishe uchunguzi wa maiti umefanywa kabla ya maziko, na waombe daktari wa familia awepo. Waandike majina na simu za walioshuhudia siku hiyo hiyo, kwa maana shahidi huhama na kumbukumbu huchakaa. Wachukue abstrakti ya polisi inayotaja gari na mwenye bima. Waweke risiti za hospitali, jeneza na usafiri wa maiti, maana gharama za mazishi nazo hudaiwa. Wamkataze mfiwa kutia sahihi karatasi yoyote kabla haijasomwa na wakili. Na waandike tarehe ya kifo ukutani, na chini yake tarehe mbili: ya miezi 12 na ya miaka 3.

Asiye na fedha asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda huduma ya kitaifa kwa ajili ya wasiojiweza. Kituo cha Sheria kimewatetea maskini tangu miaka ya sabini, na mawakili wanawake wa FIDA tangu 1985. Tangu 2015 mahakimu wakuu husikiliza madai ya hadi shilingi milioni 20, kwa hiyo kesi nyingi za vifo huanzia katika mji ulio karibu na nyumbani. Lakini wakili atakayesema "sitaki kitu, tutagawana tukishinda" aogopwe. Sheria ya Mawakili haiyatambui mapatano ya namna hiyo. Na harambee ya mazishi inayonunua ng'ombe watatu yaweza kabisa kununua wawili, na bei ya wa tatu ikafungua jalada mahakamani.

Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi Uhuru Park wakidai wana wao. Machi 3 walipigwa na kutawanywa, wakakimbilia Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, nalo likawafungulia chumba chake cha chini. Walikaa humo miezi mingi, na mwaka 1993 wengi wa wana wao wakatoka gerezani. Akina mama wale hawakuwa na jeshi wala chama. Walikuwa na madai yaliyo wazi, na kanisa lililokubali kufungua mlango.

Msomaji anamjua pia yule mjane wa Injili ambaye hakuwa na hongo wala jamaa mwenye cheo, bali alimrudia kadhi dhalimu siku baada ya siku mpaka kadhi akachoka. Katika nchi yetu wajane wa namna hiyo ni wengi. Wengi wao bado wako nyumbani, kwa sababu walipokuwa wakilia tuliwaambia kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Ni kweli, hayazoleki. Lakini aliyeyamwaga anajulikana, na muda wa kumuuliza unakwisha.

Jumapili hii, mtakapotangaza msiba kanisani, tangazeni na tarehe.